Kumfuata Mwalimu Ndunge Hadi Gatwekera

Jamani, mmeniuliza mpaka nimechoka. Mmoja kaniuliza kisimani, mwingine sokoni, mwingine kanisimamisha jua la utosi nikiwa na punda wawili wa maji, eti, "Mwalimu, ilikuwaje huko Nairobi?" Kila mmoja nimemjibu nusu nikaendelea na safari yangu, na sasa nasikia mmeziunganisha hizo nusu mkapata hadithi ambayo mimi mwenyewe siijui. Kwamba nilimkuta Ndunge ameolewa na tajiri. Kwamba nilipotea nikalala kwa polisi. Wacha niseme yote mara moja tuyamalize.

Nilichoendea mnakijua. Mwalimu Ndunge alipofunga nyumba yake likizo ilipoanza akaondoka, shule yetu ilibaki na mwalimu mmoja, ambaye ni mimi. Tukaambiwa wazi na wakubwa wa elimu kwamba asiporudi shule zikifunguliwa, watoto wote wa Gredi ya Nne hadi ya Sita watahamia shule ya ng'ambo ya mto. Na huo mto mnaujua. Miezi inapita ni mchanga mtupu, halafu siku moja mvua inanyesha huko milimani tusikokuona, na maji yanashuka kama yametumwa. Umekwisha kula ng'ombe, umekula na watu. Simu ya Ndunge ililia bila kushikwa, kisha ikawa haipatikani kabisa. Nikasema mwenye shida ndiye mwenye miguu, nikaenda.

Kyamatula hadi barabara ya lami

Asubuhi niliyoondoka niliwakuta watoto wa darasa la Ndunge wananingoja uani mwa shule, ingawa shule ilikuwa imefungwa. Hao hawajui likizo. Yeye ndiye aliyewafunza hivyo, au tuseme ndiye aliyekataa kuwafunza, kwa maana mtoto akimuuliza kitu hakuwa anatoa jibu. Alikuwa anasema, "Nenda ukaone, kisha uje uniambie." Basi wanaenda. Wamepima mvua kwa chupa zilizokatwa vichwa, wameketi kwenye kichuguu siku nzima wakiangalia mchwa wanabeba nini, wamechimba mchanga wa mto wajue maji yako kina gani mwezi gani. Gredi tatu chumba kimoja na husikii kelele. Nyinyi wazazi mkipita na punda wenu mkasema shule imekufa, kwa sababu kwetu shule ni sauti. Watoto wasipoitikia kwa pamoja mpaka mbuzi washtuke, mnasema mwalimu analipwa kuangalia watoto wakicheza. Nimewajibu hayo mara nyingi na leo sitaki ugomvi.

Mwende, yule binti mkubwa wa Gredi ya Sita, alinipa vifundo viwili vya kitambaa, kimoja kimefungwa uzi mwekundu, kingine uzi mweusi. Ndani ni ndengu walizovuna. Walikuwa wamepanda nusu ya shamba la shule kwenye vumbi kabla ya mvua, wanavyofanya nyanya zetu, na nusu baada ya mvua ya kwanza, anavyosema bwana shamba, ili wajue nani ana haki.

"Mpelekee Mwalimu azione," akasema.

"Zipi ndizo za vumbi?"

"Akiziangalia atajua."

"Na mimi je? Mimi si mwalimu?"

Wakacheka wote, lakini hakuna aliyeniambia. Nikavitia kwenye mkoba, nikapanda bodaboda ya Mutua. Hatukufika mbali tukapata pancha kwenye mchanga, Mutua hana gundi, hana pampu, ana maneno matamu tu. Tulisukuma pikipiki mpaka mashati yakaloa jasho, na nilipofika kwenye lami basi la asubuhi lilikuwa limeshapita.

Lori la ng'ombe

Nilinunua chai kwenye kibanda, nikakaa kungoja rehema ya Mungu. Ikaja kwa sura ya lori la ng'ombe lililotoka upande wa Garissa. Dereva wake, mtu mrefu aitwaye Abdi, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Mwalimu, unaenda wapi?"

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Viatu. Vimepakwa rangi na bado vina vumbi."

Nilimwambia ninaenda Kawangware. Akasema ng'ombe wake wanaenda machinjioni Dagoretti, ambako kutoka Kawangware ni pua na mdomo, basi nipande mbele. Nikashukuru. Nilijiona mjanja, nikaanza hata kupanga nitakachomwambia Ndunge jioni hiyohiyo.

Karibu na Matuu utingo akagonga mabati huko nyuma kwa nguvu. Ng'ombe mmoja alikuwa amelala, na ng'ombe akilala kwenye lori wenzake wanamkanyaga. Walimvuta mkia, wakamsukuma, wakamwagia maji, utingo akamlia masikioni kama mtu anayembembeleza ndugu yake. Hakuinuka. Mwishowe wakamteremsha kando ya barabara na Abdi akamchinja kabla hajafa mwenyewe, kwa sababu akifa hivyo hafai kuliwa na mtu. Watu walitokea sijui wapi na mabeseni. Nilikaa chini ya mti mdogo wa miiba nikiangalia siku yangu ikiisha, na huzuni iliniingia ambayo sikujua ni ya ng'ombe au yangu. Abdi naye alikuwa ameketi kimya akifuta kisu kwa nyasi.

"Alikuwa mzuri huyu," akaniambia. "Ametembea kutoka mbali, halafu amechoka mahali pa kusimama tu."

Tulipoondoka alinifungia kipande kikubwa cha nyama kwenye karatasi. Magharibi ilikuwa inaingia aliponiteremsha Kawangware, nyama mkononi, mkoba begani.

Kawangware, kwa Kyalo

Kyalo ni mtoto wa mjomba wangu. Anatengeneza viti vya sofa kando ya barabara, na anaishi na mkewe Mbithe kwenye ploti ya mabati, vyumba vinatazamana na kamba za nguo zimepita katikati, unainama kila hatua mbili. Walinipokea vizuri sana. Niliweka nyama na vile vifundo mezani nikaanguka kitandani na nguo zangu.

Asubuhi Kyalo alinipeleka nyuma ya soko, mahali ambapo Ndunge aliwahi kusema dada yake anaweza kumpatia kazi ya shule. Tukakuta shimo. Shimo kubwa la msingi, vijana wanamwaga zege, ploti inapanda kuwa ya ghorofa. Nikamwuliza bawabu shule ilienda wapi.

"Si walienda na shule yao," akanijibu, kama kwamba shule ni mkokoteni.

Tukazunguka, tukauliza, hakuna anayejua. Mchana nikarudi kwa Mbithe nimevunjika moyo, na pale mlangoni nikasikia harufu. Ile nyama ya Abdi ilikuwa inachemka na kitu kingine ndani yake. Nikatazama mezani. Vitambaa viwili vimefuliwa, vimeanikwa kwenye kiti. Uzi mwekundu na uzi mweusi amezikunja pembeni vizuri, mwanamke msafi.

"Aiya, Mwalimu!" Mbithe akasema kwa furaha. "Ndengu za nyumbani! Hizi za hapa sokoni hazina ladha, ni mawe tu. Asante sana kutukumbuka."

Mlitaka nimwambie nini? Kwetu mgeni kutoka nyumbani haji mkono mtupu, na mwenyeji haulizi hiki ni cha nani. Anafungua, anapika, anashukuru. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Alikuwa amezimwaga zote kwenye sufuria moja. Nikasema, "Karibu, dada," nikaketi. Nikala. Zilikuwa tamu kweli, Mungu anisamehe.

Mwenye ploti alipita akaitwa kula. Mzee Njoroge, mwenyeji wa hapo, amezaliwa hapo. "Hii yote unaona ilikuwa shamba ya mahindi ya baba yangu," akasema akionyesha mabati kwa kijiko, na hakusema kwa majivuno, alisema kama mtu anayeonyesha kaburi. Nikamweleza ninayemtafuta. Akafikiri huku akitafuna.

"Mwalimu Mkamba? Anaitwa Ndunge? Huyo ninamjua. Ako kanisa fulani hapo Riruta. Kesho ni Jumapili, utampata mbele kabisa."

Nilifurahi mpaka nikasahau ndengu kwa muda.

Kanisani Riruta

Nilifika mapema, nikiwa nimeoga, nimevaa tai ya Kyalo. Nikauliza mlangoni, "Mwalimu Ndunge yuko?" Wakasema yuko, atakuja, mgeni karibu mbele. Mimi na ushamba wangu nikakubali kuketi mbele. Ukiketi mbele kanisani Nairobi umekwisha. Nilisimamishwa nikasalimu. Nikaambiwa niseme neno, nikasema neno. Wakaimba, wakaomba, mhubiri akapanda, akashuka, akapanda tena. Jirani yangu, mzee wa Kitui mwenye koti la sufi, alilala akaamka akanipa peremende. Mimi natafuta kichwa cha Ndunge katika kila safu ya wanawake.

Ibada ilipokwisha nikaletewa Mwalimu Ndunge. Mama mnene, umri wa mama yangu, ana Biblia kubwa na tabasamu kubwa zaidi. Mwalimu wa watoto wa Jumapili.

"Ndunge ndiye mimi," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Wueh! Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nikamweleza kwa Kikamba tangu mwanzo, akanishika mkono muda wote huo asiniachilie. Ndipo akasema huyo mwingine anamjua, walikutana katika chama cha akina mama. Ile shule ya nyuma ya soko ilibomolewa Ndunge alipofika tu, akapata nafasi Kibra. "Enda Olympic, kisha ushuke Gatwekera. Uliza shule ya mwalimu Mkamba, watakuonyesha." Halafu akanitazama. "Lakini mwanangu, kama amekimbia, usimkimbize."

Nilisema asante, mama. Sikumwelewa, nilidhani ni maneno ya kanisa.

Kwa miguu hadi Olympic

Kesho yake nilitembea, tai ya Kyalo bado shingoni. Kyalo alinionya ni mbali, nikamwambia mtu wa Kyamatula haambiwi mbali. Nilifuata barabara ya Naivasha mpaka Ngong Road, na hapo mvua ikaniona. Hii mvua ya Nairobi haina heshima, inanyesha ikiwa jua bado linawaka. Nilijibanza chini ya mwavuli wa muuza mahindi ya kuchoma pamoja na watu wengine, hakuna anayemwangalia mwenzake, kila mtu na simu yake. Nikasalimu, "Hamjambo?" Msichana mmoja akaniinulia macho, akasema, "Sasa," akarudi kwenye simu. Mvua ile kwetu ingetufanya tutoke nje na masufuria, tupige vigelegele. Hapo watu waliitukana. Viatu vyangu vilijaa maji na roho yangu nayo ikawa nzito, nikajiona mjinga, mtu mzima wa kutembea mji mzima akimtafuta mtu ambaye hataki kushika simu.

Nilipofika Olympic nilikuwa natetemeka. Nikanunua chai na mandazi, nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anajaza mitungi ya maji kama anaijua shule ya mwalimu Mkamba. Anaitwa Mama Akinyi. Alisimamisha kazi.

"Unamtaka ticha wa nini?"

"Ninatoka kwao. Nimekuja kumrudisha."

"Eeh," akasema. "Twende nikuonyeshe."

Gatwekera

Tulishuka. Tukavuka reli, tukaingia kati ya nyumba za udongo na mabati, njia nyembamba, mtaro katikati, mimi naruka kama mbuzi na yeye anatembea na mtungi kichwani bila kuangalia chini. Tukapita mahali pa kukaanga samaki. Tukapita kinyozi mwenye redio. Tukakata kushoto, tukakata tena. Tukapita kinyozi mwenye redio.

"Mama, hapa si tumepita?"

"Kibra inafanana," akanijibu.

Mara ya tatu kinyozi mwenyewe akanipungia mkono. Hapo nikasimama. Nikamwambia mama, haki ya Mungu, nimetoka mbali, nimelowa, sijala vizuri, unanizungusha kwa nini? Naye akautua mtungi, akashika kiuno, akanieleza bila aibu. Alidhani mimi ni bwana ya ticha. Mwanaume kutoka ushago, huko kijijini, tai shingoni, anasema amekuja kumrudisha mwanamke! Alikuwa ananizungusha huku ametuma mtu akamwambie Ndunge ajifiche.

"Mimi si bwana yake! Mimi ni mwalimu mwenzake!"

"Hata kama. Huyo ticha haendi mahali. Akinyi wangu alikuwa hajui kusoma jina yake. Saa hii anasoma mpaka kwa usingizi."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Akanipeleka. Njiani nikaanza kuelewa kwamba nilichokuja kuchukua kina wenyewe.

Tuliisikia shule kabla ya kuiona. Shule za huko hazifungi likizo, maana wazazi wako vibaruani na watoto wataachwa na nani? Sauti ilitoka kwenye mabati ikazidi redio za mtaa mzima. "Mmea una mizizi! Mmea una shina! Mmea una majani!" Nyinyi wazazi mngeisikia mngechinja mbuzi. Nilisimama dirishani, na dirisha lenyewe ni tundu. Ndunge alikuwa mbele na kijiti, watoto wamebanana kwenye mabenchi mpaka wa mwisho amekalia nusu tako. Amekonda. Anapiga ubao, wanaitikia.

Msichana mdogo akainua mkono. "Ticha, mizizi inakula nini?"

Nikangoja. Nilijua atakalosema, nimelisikia miaka mingi, hata midomo yangu ilikuwa inalitamka. Nenda ukaone.

"Hiyo haiko kwa ubao," Ndunge akasema. "Soma. Mmea una mizizi!"

"Mmea una mizizi!"

Ndipo akageuka akaniona. Kijiti kilibaki juu hewani. Alijua nimesikia.

Tuliketi nje kwenye ubao uliowekwa juu ya matofali, tukapewa githeri kwenye sahani moja. Akina mama walianza kukusanyika karibu na mlango, wengine wanajifanya wanafua.

"Hukujificha," nikamwambia.

"Nilipoambiwa kuna bwana anakuja kwa hasira na viatu vya rangi, nilijua ni wewe." Akatabasamu kidogo. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Walikutumia ndengu. Za vumbi na za mvua, mbalimbali, uone wewe mwenyewe."

Mngeuona uso wake! Ulifunguka wote. Akafuta mikono kwa leso, akainyoosha. "Lete."

Ikabidi niseme. Nikamwambia zililiwa. Akauliza na nani. Nikasema na mimi, na Kyalo, na Mbithe, na mwenye ploti.

"Zote mbili?"

"Sufuria moja."

Alicheka, alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakwisha. "Lakini uliziona kabla. Zilizojaa vizuri zilikuwa za uzi gani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hukuzifungua? Safari yote hiyo hukufungua hata mara moja uangalie?"

"Zilikuwa za kijani," nikasema.

"Ndengu zote ni za kijani," akasema kwa upole, akachukua kijiko.

Nikamwambia habari ya shule. Nikamwambia habari ya mto. Hapo alikasirika. "Usinitishe na mto. Unafikiri siuoni? Kila mvua ikipiga mabati haya ninauona, na ninahesabu watoto kwa majina." Aliponiambia yaliyobaki alikuwa anatazama githeri, hanitazami mimi.

"Unajua ni lini nilijua nitaondoka? Si hao wazazi na maneno yao. Hayo nilizoea. Ni ile siku nilikuwa na malaria nikachelewa kuja. Nilipoingia darasani walikuwa kazini. Mwende anapima, wengine wanachora, wengine wanabishana kuhusu siafu. Nikasimama mlangoni. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikasema, Ndunge, umefaulu, kazi yako imefanikiwa, hawa watoto wanajifunza wenyewe. Nikafurahi kweli. Halafu nikaenda nyumbani nikalia mpaka jioni. Hapo Kyamatula hakuna mtu wa kuzungumza naye, giza likiingia ni mimi na taa. Watoto ndio waliokuwa watu wangu, na nilikuwa nimewafunza kutonihitaji."

"Na hapa?"

"Hapa nikikohoa darasa zima linageuka. Nikipita njiani ni ticha, ticha, mpaka kwa kinyozi. Mama Akinyi ananiletea samaki."

"Lakini unawakaririsha, Ndunge! Nimekusikia na masikio yangu!"

"Umenisikia," akasema. "Sijivunii. Yule mtoto ameuliza swali zuri, na nimelizima. Mabenchi yamejaa, pa kwenda kuona hakuna, mzazi anataka kusikia sauti. Najua ninachofanya."

Hasira zilinipanda, sitawaficha. Nikamwambia kumbe unataka kusikilizwa tu.

"Ndiyo," akasema. "Nani hataki?"

Nilijaribu tena, nikamwomba muhula mmoja tu, nikamtajia watoto mmojammoja, akatikisa kichwa kwa kila jina. Kengele ikagongwa, akasimama. Wale akina mama walikuwa wameacha kufua kabisa. Alipoingia darasani badala ya kufuata njia nami, mmoja wao alipiga kofi moja la furaha, akaona aibu akaficha mikono. Mama Akinyi alinisindikiza mpaka kwenye reli, safari hii njia fupi. Aliniambia pole, na alikuwa anasema kweli.

Nyumbani

Nilirudi kwa basi nikilala njia nzima kama mgonjwa. Nilipoamka nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wale wakubwa. Niwaambie mwalimu ni mgonjwa. Niwaambie atakuja muhula ujao. Kila uongo niliutunga nikaujaribu mdomoni, na kila mmoja niliona Mwende akiutazama na yale macho yake.

Asubuhi ya kufungua shule niliwakuta watoto wa Ndunge wamepanga mstari getini, mizigo mgongoni, viatu wamevua wamevifunga shingoni kwa kamba. Viatu unavifunga hivyo unapokwenda kuvuka mto.

"Hakukubali," Mwende akasema, na hakuwa anauliza.

"Mlijuaje?"

"Alipoondoka alitoa mapazia, Mwalimu. Akang'oa na misumari yake. Mtu wa kurudi hang'oi misumari."

"Tangu siku ile mlijua?" Sauti yangu ilipanda. "Mlijua, mkaniacha niende mpaka Nairobi? Kwa nini hamkuniambia?"

Mwende aliwatazama wenzake, kisha akanijibu polepole, kwa heshima, jinsi unavyomweleza mtoto asiyeelewa haraka. "Tungekuambia, ungeamini?"

Nikavitazama vile viatu shingoni mwao.

"Sisi likizo tumekuwa tukienda mtoni," akasema. "Tumeshaona pa kuvukia. Kuna mahali mwamba uko karibu, na tumeweka fito za kuonyesha maji yakipanda. Usiwe na wasiwasi."

Hakuna aliyeniuliza habari za ndengu. Waliniaga mmojammoja, wakashuka, wakubwa mbele na nyuma na wadogo katikati. Walikuwa wamejipanga hivyo wenyewe. Niliwaangalia mpaka wakaingia kwenye migunga, nikatazama milima kama ina wingu. Moyo wangu uliuma, na najua mlioniona siku hiyo mlidhani ni kwa ajili ya mto.

Kisha nikaingia kwa wale wadogo wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu waliobaki. Walikuwa sakafuni wanapanga mbegu, wanabishana kimya kimya, wameshaanza, na hakuna aliyeinua kichwa. Niliwaambia waache, wakae kwenye mabenchi, wanitazame mimi. Nikaandika ubaoni, nikawaambia wasome kwa sauti, kwa pamoja, kwa nguvu. Wakasoma. Nikawaambia tena.